Bi Zaynab, Mwenye Mkono Mrefu

Kila boksi la mchango linapopitishwa msikitini hapa chuoni, mimi huinamisha kichwa. Bado nangoja pesa za nyumbani. Ndiyo maana maisha ya Bi Zaynab bint Jahsh (Allah amridhie) yamenigusa.

Alikuwa binti wa shangazi yake Mtume (S.A.W.), kisha mkewe. Hakungoja apewe ndipo atoe. Alikuwa akidabighi ngozi na kuzishona kwa mkono wake, na alichopata akakitoa sadaka. Mimi najua kufuma vitambaa, wala sikuwahi kufikiri kwamba hilo nalo ni fungu langu!

Mtume aliwaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata ni mwenye mkono mrefu zaidi, nao wakawa wakipimana mikono. Bi Zaynab alikuwa mfupi. Alipofariki mwaka 20 Hijria ndipo wakafahamu kwamba ulikusudiwa mkono wa kutoa.

Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar alimpelekea dirhamu 12,000, akazigawa kwa jamaa na mayatima. Hata sanda alijitayarishia, akausia kwamba Umar akileta nyingine, moja itolewe sadaka. Umar akaleta. Dada yake, Hamna, akaitoa ile aliyojiwekea mwenyewe.