James Grant: Aliugulia Karagwe, akaondoka na majani ya dawa
James Augustus Grant alikuja huku kwetu kutafuta chanzo cha Mto Nile, siyo dawa. Alizaliwa Nairn, Scotland, mwaka 1827, mtoto wa mchungaji. Akiwa na miaka 19 aliingia jeshi la Waingereza kule India, na mapigano ya Lucknow ya 1857 yakamwachia jeraha mkononi.

Mwaka 1860 aliondoka Zanzibar na John Hanning Speke. Mwaka uliofuata walipita Usui, upande wa Biharamulo ya leo, ambako Mtemi Suwarora aliwakamua hongo kwelikweli. Novemba 1861 wakafika Karagwe kwa Mukama Rumanyika.

Hapo mguu ukamshika. Goti lilivimba, likatoa usaha, hata kusimama ikawa shida. Speke hakungoja, Januari akaenda zake Buganda. Grant akabaki amelala miezi kadhaa, hana daktari wa kwao, anategemea waganga wa Karagwe: mara wamkande, mara wamchanje na kumpaka dawa. Aprili 1862 aliondoka akiwa amebebwa. Julai, Speke alipofika pale Nile inapotoka ziwani, Grant hakuwepo. Sifa zikaenda kwa mwenzake, na yeye wala hakumgeuka.

Kazi iliyo yake hasa ni mimea. Njia nzima alichuma, akakausha, akaandika imeota wapi na watu wanaitumia kwa nini. Ilipelekwa Kew, London, na kuanzia 1872 Linnean Society ikachapisha orodha yake.

Lakini jani kavu halisemi yote. Ndani ya majani, magamba na mizizi ya mmea ulio hai wanaishi fangasi wasioonekana kwa macho, na wengi hawaudhuru. Mwaka 1866, Grant alipopewa nishani ya Bath, Mjerumani Anton de Bary alikuwa tayari anaandika kuhusu viumbe hao. Kwamba wanagusa nguvu ya dawa, hilo lilieleweka baadaye sana.

Iko hivi: mmea ukiwahisi fangasi, hujihami kwa kutengeneza kemikali, na mara nyingi kemikali hizo ndizo dawa yenyewe. Wapo pia fangasi wanaotengeneza za kwao. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa fangasi aliyetolewa kwenye gamba la mti alitengeneza kiasi kidogo cha taksoli, dawa ya saratani inayojulikana kutoka kwenye mti huohuo. Kwenye pakanga, ambayo wengi tunaiita atemisia na hulimwa hata Tanzania kwa dawa ya malaria, majaribio yameonyesha fangasi Piriformospora indica akiongeza artemisinini.

Kwa hiyo mganga wa Nyakisasa akisisitiza mzizi wa kilima fulani tu, si lazima awe anazuga. Udongo, mvua na umri wa mti vina mchango wao, na fangasi wana wao. Msitu ukifyekwa, mbegu unaweza kuihamishia bustanini. Fangasi wa pale, hakuna uhakika kama watafuata.

Grant alirudi Afrika 1868 na jeshi la Waingereza lililoingia Ethiopia. Alifariki Nairn, Februari 1892.