Archimedes, Mpimaji wa Taji

Niko hapa Kimulot, kwenye baridi na majani chai. Leo nakuletea maisha ya Archimedes, aliyefariki zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na sababu ya mimi kumkumbuka kila nibebapo gunia.

Likizo iliyopita nilimsindikiza mama kituoni kuuza majani. Mvua ilikuwa imenyesha. Gunia letu lilikuwa na kilo 24. Karani akalitazama, akasema lina maji, akakata kilo mbili kwa macho tu. Mama alinyamaza. Mimi moyoni nilishamwita mwizi.

Basi, shida kama hiyo ilimpata Archimedes. Alizaliwa yapata mwaka wa 287 K.K. mjini Syracuse, katika kisiwa cha Sicily. Babake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa nyota. Inadhaniwa kijana alisomea Alexandria, Misri, hapa hapa Afrika yetu. Baadaye alikuwa akimwandikia Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya mji huo.

Inasimuliwa kwamba Mfalme Hiero alimpa sonara dhahabu atengeneze taji. Taji likaja, uzito sawasawa. Lakini watu wakanong'ona kwamba sonara ameiba dhahabu na kujazia fedha. Mfalme hakutaka taji liharibiwe, kwa kuwa lilikuwa la miungu. Akamwachia Archimedes fumbo hilo. Jamaa akaenda kuoga, akaingia majini, maji yakamwagika. Papo hapo akang'amua kwamba kitu kikizama husukuma maji yenye ujazo sawa na wake. Wanasema alitoka mbio uchi hadi nyumbani! Kisa hiki kiliandikwa na Mrumi Vitruvius karibu miaka 200 baadaye, kwa hivyo huenda kimetiwa chumvi. Lakini hesabu yake ni kweli tupu.

Hebu chukua kalamu. Tuseme, kwa mfano wangu, taji lina gramu 1000. Dhahabu tupu ya uzito huo husukuma maji sentimita za ujazo 51.8, na fedha tupu 95.2. Taji letu limesukuma 60. Toa 60 kutoka 95.2, upate 35.2. Toa 51.8 kutoka 95.2, upate 43.4. Gawanya 35.2 kwa 43.4, kisha uzidishe kwa 100. Dhahabu ni asilimia 81, fedha 19. Mizani peke yake isingetwambia. Ilibidi kupima uzito na ujazo pia.

Vitruvius anasema sonara alinaswa. Lakini fikiria, mwenzangu: kama taji lingesukuma 51.8, kipimo kile kile kingemwokoa.

Archimedes alivumbua mengi. Uzeeni mitambo yake iliwazuia Warumi waliouzingira mji wake. Mji ulipotekwa mwaka wa 212 K.K., askari mmoja alimuua, ingawa jenerali Marcellus alikuwa ameagiza asiguswe.

Sasa turudi Kimulot. Siku ile karani alikuwa ametukatalia majani machache yaliyokomaa, tukarudi nayo nyumbani. Nilipima gramu 1000 kwa mizani ya dukani, nikayapangusa kwa kitambaa, moja moja, hadi maji ya juu yakaisha. Nikapima tena: gramu 920. Maji yalikuwa asilimia 8. Kwa gunia la kilo 24, hiyo ni kilo 1.92!

Nilimwonyesha mama daftari. Akacheka, akaniambia nisirudie kumhukumu mtu kabla ya kupima. Hata hivyo, bado naona karani hafai kukata kwa macho, maana siku nyingine macho yatakosea, na atakayeumia ni mkulima.

Wanachama wenzangu, dhana ni dhambi. Hesabu za Kemia zikikuchosha, kumbuka kwamba heshima ya sonara fulani ilining'inia kwenye jibu. Kalamu yangu inaishia hapo. Kwaherini.