Egas Moniz: Tabibu Aliyeipiga Picha Mishipa ya Ubongo

Kiharusi ni maradhi yasiyobisha hodi. Mtu hulala mzima, alfajiri akaamka mkono hauinuki, mdomo umekwenda upande na ulimi umekuwa mzito. Matabibu wa zamani walikwisha jua kuwa chanzo ni mishipa ya damu ya kichwani, ama imeziba ama imepasuka. Lakini ni mshipa upi, na mahali gani, hilo walilijua mgonjwa akisha kufa na maiti kupasuliwa. Aliyewafungulia njia ya kuiona mishipa hiyo kwa mtu aliye hai ni Mreno, António Egas Moniz.

Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1874 kijijini Avanca, nchini Ureno. Akasoma utabibu Coimbra, na mwaka 1911 akawa profesa wa maradhi ya neva mjini Lisbon. Walakini siasa nayo ilimvuta. Alikuwa mbunge, akawa balozi nchini Hispania, kisha mwaka 1918 akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje na kuuongoza ujumbe wa Ureno katika mkutano wa amani wa Paris. Baada ya hapo akaipa siasa kisogo.

Alipoianza kazi iliyompa jina alikuwa amepita miaka hamsini, na mikono yake imeharibiwa na jongo hata hawezi kushika kisu cha upasuaji. Fikira zikawa zake, mikono ikawa ya daktari kijana, Pedro Almeida Lima. Eksirei ya siku zile ilionyesha mifupa ya kichwa, lakini mishipa iliyomo ndani haikuionyesha. Moniz akawaza kuwa mshipa wa shingo upelekao damu ubongoni ukitiwa dawa isiyopenywa na miale, mishipa yote itajichora kwenye picha mfano wa mto na vijito vyake.

Akajaribu kwa maiti na kwa mbwa, kisha kwa wagonjwa. Dawa ya mwanzo ilikuwa bromidi ya strontiamu, na mgonjwa mmoja akafa. Akaiacha, akachukua iodidi ya sodiamu. Tarehe 28 Juni 1927 picha ikatokea: mgonjwa alikuwa kijana mwenye uvimbe kichwani, na mishipa ilionekana imesukumwa kando na uvimbe ule. Mwezi uliofuata akawaeleza mabingwa wa Paris. Mwaka 1937 yeye na wenzake wakaandika juu ya watu waliopooza upande mmoja kwa kuzibika mshipa wa shingo, ushahidi ukiwa picha zenyewe.

Laiti angeishia hapo. Mwaka 1935 alianzisha upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo ili kuwatuliza wagonjwa wa akili. Fuu la kichwa lilitobolewa na chombo kikaingizwa pasi na kuona kinachokatwa. Wagonjwa ishirini wa mwanzo hawakutazamwa muda mrefu kabla ya yeye kuitangaza habari yao mwaka 1936. Wako waliotulia, lakini upasuaji ulipoenea, hasa Marekani, wengi walibaki wazito wa hisia, hawana hamu ya jambo. Na ni kwa kazi hii, si ile ya picha, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949, akigawana na Walter Hess wa Uswisi. Dawa za maradhi ya akili zilipopatikana katika miaka ya 1950, upasuaji ule ukaanza kuachwa. Baadaye jamaa za waliopasuliwa walidai tuzo hiyo ifutwe.

Moniz alifariki Lisbon tarehe 13 Desemba 1955, akiwa na umri wa miaka 81.

Mwaka 1971 mashine ya Godfrey Hounsfield, itumiayo kompyuta, ilipiga picha ya ubongo wa mgonjwa jijini London, na sasa ndiyo huanza kutumiwa kwa mwenye kiharusi. Hata hivyo njia ya Moniz haikufa. Katika hospitali zenye vifaa, tabibu hupitisha mrija mwembamba kutoka pajani hadi ubongoni, akiongozwa na picha za mishipa, akalivuta bonge la damu lililoziba. Ndiyo maana mgonjwa hufaa awahishwe hospitali saa ile ile.

Tabibu huyu alipotaka kwanza kuona, aliwaachia watu faida inayoendelea hadi leo. Alipokata asichokiona, waliolipa ni wagonjwa.