Almon Strowger: mwenye biashara ya mazishi aliyemwondoa opereta kwenye simu

Ukipiga simu Muscat kutoka simu ya mezani ofisini ikakatika, ilhali mwenzako wa meza ya pili anapata, usikimbilie kusema simu ni mbovu. Huenda mtambo wa ofisi umepangwa usikuruhusu. Mtambo ulipata wapi mamlaka hayo? Leo tunakuletea maisha ya Almon Brown Strowger.

Alizaliwa mwaka 1839 Penfield, jimbo la New York, Marekani. Alipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akawa mwalimu, kisha akafanya biashara ya mazishi huko Kansas City.

Siku hizo simu hazikuwa za kubonyeza namba. Ulimwambia opereta unayemtaka, naye akachomeka waya kwa mkono. Asipotaka, hukupata.

Inasimuliwa kwamba Strowger aliona wateja wanapungua, akashuku kuwa simu za wafiwa zinapelekwa kwa mshindani wake. Simulizi iliyoenea zaidi inasema opereta alikuwa mke wa mshindani huyo. Riziki yake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, akaamua kutengeneza mtambo usiohitaji opereta.

Akisaidiwa na ndugu na mafundi, alibuni swichi inayopanda na kuzunguka hatua kwa hatua, kila namba ikiisogeza mpaka ifike kwenye waya wa anayetafutwa. Alipewa hataza, yaani haki ya mbunifu, tarehe 10 Machi 1891. Tarehe 3 Novemba 1892, mji wa La Porte, jimbo la Indiana, ulifungua mtambo wa kwanza wa aina hiyo kwa umma.

Yeye mwenyewe hakuvuna sana. Mwaka 1896 aliuza hataza zake kwa dola 1,800, na miaka miwili baadaye akauza hisa zake kwa dola 10,000. Alifariki Florida mwaka 1902. Mwaka 1916, kampuni ya Bell ililipa dola milioni 2.5 kwa hataza hizo. Uingereza ilizima mtambo wake wa mwisho wa aina hiyo mwaka 1995.

Wazo lake la mashine kufuata namba anazopiga mtu ndilo linalotumika mpaka leo. Na mashine inayosoma namba inaweza pia kuambiwa zipi izikatae.

Tuchukue mfano wa ofisi ya mizigo pale Buguruni, yenye simu kumi kwenye mtambo mmoja. Kila simu hupewa daraja lake: kuna ya kupiga ndani ya ofisi tu, kuna ya kupiga nchini, na kuna ya kupiga hadi nje ya nchi. Kwa simu ya mezani Tanzania, namba ya nje huanza na 000, kisha namba ya nchi, kwa mfano 968 ya Oman. Mtambo ukiona sifuri hizo kutoka simu isiyoruhusiwa, unakata.

Kwa hiyo fuateni utaratibu huu. Kwanza, hakikisheni mmeanza na tarakimu ya kutokea nje ya ofisi, kama mtambo wenu unaitumia. Pili, jaribuni namba ileile kwa simu ya mkuu wa ofisi. Ikipatikana, laini ni nzima. Kinachohitajika ni kupandisha daraja la simu yako. Ikikataa kwenye simu zote, fundi akague mpangilio wa mtambo mzima, kisha muulizeni mtoa huduma kama laini yenu imefunguliwa kwa simu za nje.

Msifungue simu zote kwa pamoja. Wezi huingia kwenye mitambo yenye neno la siri jepesi, wakapiga nje ya nchi usiku kucha, na bili ikaangukia ofisi. Fungueni kwa anayehitaji tu, na badilisheni neno la siri lililokuja na mtambo.

Kwa wewe mwenye simu ya mkononi huko kijijini, alama ya + mwanzoni mwa namba inafanya kazi ya zile sifuri tatu.

Strowger alimwondoa opereta, lakini uamuzi wa nani apige wapi bado uko kwa watu. Kabla ya kumlaumu fundi, muulize bosi ameruhusu nini.