Benson Masya: Bondia wa Kitui aliyelitawala joto la Honolulu

Ukitaka kujua jua ni nini, shuka Matiliku saa saba mchana, mwezi wa Oktoba, kabla mvua ya Novemba haijafika. Vumbi la murram linakufuata mpaka mdomoni. Mlima Nzaui umekaa pale kama mzee aliyekataa kuongea. Mito imebaki mchanga mtupu, na anayetaka maji anachimba kwanza.

Sasa jiambie uvae raba ukimbie kilomita 21 hapo. Wengi wetu tungefika kona ya pili tukatafuta boda.

Siku hizi vijana wa mjini tumependa mashindano magumu. Kuna triathloni, ile ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mkupuo mmoja. Kuna mbio za milimani na za matope. Mvua ikinyesha siku ya mashindano tunapiga picha nyingi zaidi, maana mvua inapendeza kwa simu.

Lakini kabla ya simu hizo kulikuwa na mwanamume mmoja kutoka ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui, aliyejipatia jina mahali ambapo hali ya hewa huwakata wakimbiaji maini. Jina lake ni Benson Masya. Ukiwauliza wasee wa rika lako leo, wengi watakuuliza: huyo ni nani tena?

Hebu tumkumbuke.

Mtoto wa nchi kavu

Masya alizaliwa Kitui tarehe 14 Mei 1970. Wakati huo mtu akitaja mbio Kenya, macho yalikuwa yakielekea Bonde la Ufa na Kisii. Kipchoge Keino na Naftali Temu walikuwa wamerudi na dhahabu kutoka Olimpiki ya Mexico ya 1968, na watu wakaanza kuamini kwamba bila baridi ya milimani na maziwa ya mursik huwezi kuwa mkimbiaji.

Ukambani si huko. Ni nchi ya jua, muthokoi na kungoja mvua. Masya akiwa na miaka 14, mwaka wa 1984, ukame ulipiga vibaya mno. Wakamba waliipa njaa ile jina la Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nazo mkononi. Pesa zilikuwepo mfukoni, lakini chakula cha kununua hakikuonekana. Kila mzee wa Kitui na Makueni anaijua njaa hiyo kwa jina.

Hivyo ndivyo kizazi chake kilivyolelewa: unapanga, halafu mbingu inakupangia upya.

Kutoka ulingoni hadi barabarani

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba Masya hakuanza na mbio. Alianza na ngumi. Alikuwa bondia, tena enzi ambazo ndondi za Kenya zilikuwa moto. Robert Wangila alileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka wa 1988, na kila mtaa ulikuwa na kijana aliyetaka kuwa Wangila.

Bondia yeyote anakimbia. Anaamka alfajiri kutafuta pumzi kabla ya kugusa glavu. Kwa Masya, ile kazi ya pembeni ndiyo iliyogeuka kuwa kazi yenyewe. Aliacha ulingo, akashika lami.

Usidhani aliacha kila kitu kule. Ndondi inafundisha jambo ambalo saa ya mkononi haifundishi: unashindana na mtu aliye mbele yako, hapa na sasa. Unamsoma pumzi, unamsoma mabega. Akichoka, unajua. Ukitazama aina ya mbio alizoshinda, ni vigumu kutoiona ngumi ndani yake.

Newcastle yamjua

Mwaka wa 1991 Masya alifika kaskazini mwa Uingereza kukimbia Great North Run. Hii ni nusu marathoni iliyoanza mwaka wa 1981, na ni kati ya kubwa zaidi duniani. Inaanzia Newcastle, inavuka daraja la Tyne, kisha inaishia South Shields, kando ya Bahari ya Kaskazini. Ile kilomita ya mwisho unapewa upepo wa bahari usoni, na Septemba ya huko si Septemba ya Kitui.

Mkamba mwingine alikuwa ameshapita hapo. Mike Musyoki wa Machakos, mshindi wa shaba ya Olimpiki ya 1984 katika mita 10,000, alishinda Great North Run mwaka wa 1986. Kwa hivyo njia ilikuwapo, ila kwa Waingereza wengi Masya alikuwa jina jipya kabisa. Mbio zilipokwisha, alikuwa wa kwanza.

Mwaka uliofuata mambo yakawa makubwa zaidi. Shirikisho la riadha duniani liliamua kuanzisha mashindano ya dunia ya nusu marathoni, na ya kwanza kabisa yakapelekwa kwenye barabara ileile, tarehe 20 Septemba 1992.

Masya alimaliza kwa saa 1:00:24. Hiyo ni kama dakika mbili na sekunde 52 kwa kila kilomita, mara 21, bila kupumzika. Jaribu kilomita moja tu kwa kasi hiyo halafu utuambie. Antonio Silio wa Argentina alikuwa wa pili, na jirani yetu Boay Akonay wa Tanzania akachukua shaba. Kenya ilibeba pia ubingwa wa timu.

Kwa hiyo, kwenye orodha ya mabingwa wa dunia wa nusu marathoni upande wa wanaume, jina la kwanza kabisa ni la kijana wa Kitui. Orodha hiyo haitabadilika. Kwa bahati, 1992 ndio mwaka Makueni ilipokatwa kutoka Machakos na kuwa wilaya. Mwaka wenyewe Ukambani ilikuwa na mengi ya kuongea.

Baadaye alirudi kushinda Great North Run mwaka wa 1994 kwa saa 1:00:02, akimpiga Moses Tanui, mtu ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameikimbia barabara hiyo chini ya saa moja. Akashinda tena mwaka wa 1996. Mara nne. Hakuna mwanamume aliyefikia idadi hiyo mpaka Mo Farah alipokuja, miaka zaidi ya 20 baadaye.

Kisiwa cha watu wagumu

Lakini mahali pa kumjua Masya vizuri ni Honolulu, mji mkuu wa Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki.

Wapenzi wa triathloni wanakijua kisiwa hiki. Hapo ndipo Ironman ilipozaliwa, tarehe 18 Februari 1978. Kulikuwa na mabishano ya kirafiki: ni nani mwenye mwili imara zaidi, muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji? Afisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, na mkewe Judy wakapendekeza yote matatu yaunganishwe. Kuogelea kilomita 3.8, kuzunguka kisiwa kwa baiskeli karibu kilomita 180, kisha kumalizia na kilomita 42 za Honolulu Marathon. Watu 15 walianza, 12 wakamaliza. Gordon Haller aliongoza kwa saa 11 na dakika 46. Mwaka uliofuata dhoruba ilichafua bahari mpaka mashindano yakasogezwa siku moja.

Kumbe basi ile mbio ya Honolulu, ambayo Masya aliifanya kama shamba lake, ndiyo waanzilishi wa triathloni ndefu waliiona ni adhabu ya kufaa kufungia siku.

Ugumu wake uko wapi? Mbio hizi hukimbiwa Desemba, na huanza kabla ya mapambazuko ili watu wafike mbali jua likiwa bado limelala. Haisaidii sana. Hewa ya kisiwa imejaa unyevu. Kwa kawaida jasho likikauka kwenye ngozi ndilo linakupoza. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho halikauki, linatiririka tu, na injini inaendelea kuchemka. Ongeza upepo wa baharini kwenye barabara iliyo wazi, manyunyu ya ghafla yanayolowesha viatu, na mwinuko wa Diamond Head unaokungoja mwishoni, miguu ikiwa imeshaisha.

Hii si joto kavu la Matiliku. Mtu aliyezoea jua la Ukambani anajifunza upya.

Masya alishinda hapo mwaka wa 1991 kwa saa 2:18:24. Tafadhali usicheke muda huo. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa 2:06:50, ya Belayneh Dinsamo wa Ethiopia, iliyowekwa Rotterdam, mji tambarare kama meza. Tofauti ni dakika 11 na ushei, na hata hivyo wa kwanza ni wa kwanza. Honolulu haikupi muda mzuri wa kwenda kujivunia. Inakupa swali moja: nani bado amesimama?

Mwaka wa 1992, chini ya miezi mitatu baada ya ubingwa wa dunia, alirudi akashinda kwa 2:14:19. Nyuma yake, wa pili, alikuwa Mkamba mwenzake, Cosmas Ndeti wa Machakos. Miezi michache baadaye Ndeti alikwenda Boston akashinda, akarudia mwaka wa 1994 na 1995. Mwaka wa 1994 Masya alishinda Honolulu kwa mara ya tatu, 2:15:04.

Na mlango aliouacha wazi haukufungwa. Wana wengine wa Ukambani walipita humohumo: Jimmy Muindi alishinda Honolulu mara sita, na Patrick Ivuti akaja baada yake. Kwa miaka mingi, ukisikia Honolulu Marathon imekwisha, ungeweza kukisia kwamba jina la mshindi limeanza na M au limetoka mashariki ya Kenya.

Mwisho wa mapema

Hadithi nyingi za michezo huishia hapo, kwenye medali. Hii haiishii hapo.

Baada ya 1996 ushindi mkubwa ulikoma. Damu mpya ilikuwa imeingia. Paul Tergat alikuja kutwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka wa 1999 na Great North Run ikapata wafalme wengine. Kwa mkimbiaji wa barabarani, mwaka bila ushindi ni mwaka bila mshahara, na hakuna pensheni ya miguu.

Benson Masya alifariki tarehe 24 Septemba 2003. Alikuwa na miaka 33. Ni mwezi uleule wa Septemba aliotawazwa bingwa wa dunia, miaka 11 baada ya siku ile ya Newcastle.

Miaka 33. Eliud Kipchoge alikuwa na umri huo alipovunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka wa 2018. Masya katika umri huo alikuwa tayari anazikwa. Ukiliwaza hilo, unaona ni kiasi gani tulipoteza, na ni haraka kiasi gani tulisahau.

Sasa sisi tunabeba nini?

Kwanza, hali mbaya ya hewa haimchagui mmoja. Ikinyesha, imewanyeshea wote. Anayeanza kulalamika ndiye anayeanza kubaki nyuma. Masya alikubali muda mbovu wa 2:18 akachukua ushindi. Siku ya upepo na joto, acha kuitazama saa, mtazame mtu aliye mbele.

Pili, mwili unahitaji kuzoezwa. Kuzoea joto huchukua kama wiki mbili za mazoezi ya polepole. Usitoke Nairobi kwenye baridi ya Julai ukaenda kushindana Mombasa kesho yake ukidhani moyo wa kishujaa utatosha. Kunywa maji, na ukiona kizunguzungu au jasho limekauka ghafla, simama. Hakuna medali ya kuzimia.

Tatu, na hili ni gumu zaidi: kuvumilia kilomita 42 ni jambo moja, na kuishi miaka ya baada ya shangwe ni jambo lingine. Mkimbiaji hupewa miaka kumi hivi ya kuchuma. Bingwa akiwa kileleni tunampigia simu kila siku. Akishuka, simu inanyamaza. Kama una rafiki aliyewahi kuwa nyota wa shule, wa timu ya mtaa, wa chochote, mpigie leo umjulie hali.

Na siku ukifika Matiliku saa saba mchana, vumbi likakupiga na upepo wa moto ukakusukuma kifuani, usirudi haraka kwenye kivuli. Kimbia kidogo, hata kilomita moja. Ng'ambo ya Athi alitoka mtu aliyekwenda kushinda mahali pagumu zaidi ya hapo, mara tatu.