Tom Mboya, Mitaa ya Eastlands na Kuzaliwa kwa Gor Mahia

Maisha ya hayati Thomas Joseph Odhiambo Mboya yamesimuliwa mara nyingi kupitia vyama vya wafanyakazi, safari za ndege zilizowapeleka wanafunzi Marekani na mauaji yake ya mwaka 1969. Upande ambao haujapewa uzito wa kutosha ni uhusiano wake na mitaa ya Eastlands, Nairobi, pamoja na klabu ya kandanda ambayo jina lake hutajwa katika simulizi za kuanzishwa kwake. Makala haya yanadhamiria kuyatazama maisha ya Mboya kwa upande huo. Hoja inayojengwa ni kwamba Eastlands ilimlea Mboya katika namna mbili za kuwa pamoja: umoja wa watu waliotoka nyumbani kumoja, na umoja wa watu wanaoishi mtaa mmoja na kufanya kazi moja. Siasa yake ilisimama juu ya umoja wa pili. Gor Mahia ilizaliwa katika umoja wa kwanza. Mvutano kati ya hizo mbili haukuwahi kumalizika katika uhai wake, wala haujamalizika baada yake.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazazi wake walitoka Kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, na babake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara shambani humo. Wafanyakazi wa shamba walitoka jamii mbalimbali, hivyo mtoto huyo alikua akisikia Kikamba, Kikikuyu na Kiswahili kila siku. Alisoma katika shule za misheni za Kabaa, Ukambani, na St. Mary's Yala, Nyanza, kisha akajiunga na Mang'u. Masomo yake ya Mang'u yalikatika mwaka 1947 kwa ukosefu wa karo. Ni bayana basi kwamba kabla ya kutimiza miaka ishirini, Mboya alikuwa ameishi katika maeneo ya lugha nne na kuzimudu kiasi cha kufaa. Amali hiyo ndiyo iliyomfaa baadaye jijini.

Baada ya mafunzo ya afya ya umma, ambayo sehemu yake aliipata katika Jeanes School, Kabete, Mboya aliajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi mwaka 1951. Alikuwa mkaguzi wa usafi, kazi ambayo wenyeji walimwita mwenye nayo bwana afya. Kazi hiyo ilimfunza ubaguzi waziwazi. Alilipwa mshahara mdogo kuliko wenzake wa Kizungu waliofanya kazi ile ile. Mwenyewe alipata kusimulia jinsi mwanamke wa Kizungu alivyoingia katika chumba alimokuwa akipima maziwa, akamtazama, kisha akauliza kama hakuna mtu mle ndani. Mboya hakuishia katika hasira. Alichaguliwa kukiongoza chama cha watumishi Waafrika wa Halmashauri, na muda si mrefu akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1953 alikuwa tayari katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na mitatu.

Ili kuielewa kasi hiyo, sharti tuitazame Eastlands ya wakati huo. Serikali ya kikoloni iliigawa Nairobi kwa rangi, na Waafrika wakatengewa upande wa mashariki, ng'ambo ya reli. Huko ndiko ilikojengwa mitaa ya Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Starehe, Kaloleni, Makongeni na Bahati. Wakazi wengi walikuwa wanaume waliowaacha wake na watoto mashambani, wakapanga vitanda vyao katika vyumba vya pamoja. Mtu alipofiwa, kuugua au kufutwa kazi, hakuwa na pa kukimbilia ila kwa watu wa kwao. Ndiyo sababu vyama vya kusaidiana vya kijamii, kama Luo Union, vilikuwa na nguvu kubwa. Vilichanga fedha za kusafirisha maiti, viliwapokea wageni, vilipatanisha waliogombana, na viliunda timu za mpira. Isitoshe, kuanzia mwaka 1953 Waafrika walipigwa marufuku kuunda vyama vya siasa vya nchi nzima, na hata marufuku hiyo ilipolegezwa mwaka 1955, viliruhusiwa vyama vya wilaya pekee. Chama cha kijamii na chama cha wafanyakazi vikabaki kuwa majukwaa ya watu.

Hata hivyo, Eastlands haikuwa mkusanyiko wa makabila yaliyopeana mgongo. Katika Ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru wa Afrika Mashariki mbele ya umati wa Waafrika na Wahindi. Kiswahili kilikuwa lugha ya foleni ya maji, ya kiwandani, ya mikutano na ya uwanjani. Kandanda yenyewe ilikuwa na sura mbili hizo hizo. Timu zilibeba majina ya jamii, lakini zilicheza mbele ya watu wa jamii zote, na ushindi wa Jumapili ulijadiliwa Jumatatu na mafundi wa karakana moja ya reli waliokuwa wameshabikia pande tofauti. Aliyetaka kuisikia Nairobi ya Waafrika ikizungumza kwa sauti moja au ikibishana kwa sauti mbili, alikwenda katika uwanja uliokuwa kando ya Donholm Road, ambayo sasa ni Jogoo Road. Uwanja huo ulikuja kujulikana kama City Stadium.

Kuwa kiongozi katika mitaa hiyo kulikuwa jambo la hatari. Tom Mbotela, aliyekuwa makamu wa rais wa KAU, aliuawa mwaka 1952. Ambrose Ofafa, diwani na mmoja wa viongozi wa Luo Union, aliuawa mwaka 1953. Majina ya wawili hao yamebaki katika mitaa ya Mbotela na Ofafa. Mwezi Aprili 1954 Operesheni Anvil iliwakumba maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakachukuliwa kutoka majumbani na kupelekwa vizuizini. Mboya, ambaye hakuwa wa jamii zilizolengwa, angaliweza kunyamaza. Badala yake shirikisho lake lililalamikia waziwazi mateso ya waliokamatwa. Wakazi wa Eastlands hawakuusahau msimamo huo.

Mwaka 1955 aliwapatanisha wapagazi wa bandari ya Mombasa na waajiri wao, na mshahara ukapanda kwa kiasi cha theluthi moja. Kisha akaenda kusoma mwaka mmoja katika Ruskin College, Oxford. Aliporudi aligombea kiti cha Nairobi katika uchaguzi wa Machi 1957, ambao ulikuwa wa kwanza kwa Waafrika kupiga kura. Mpinzani wake mkuu alikuwa wakili C. M. G. Argwings-Kodhek, Mluo mwenzake. Mboya alishinda kwa tofauti ya mamia machache tu ya kura. Mwaka huo huo alianzisha Nairobi People's Convention Party, chama kilichopanga matawi mtaa kwa mtaa. Yeye mwenyewe aliishi katika nyumba ya Halmashauri mtaani Ziwani, miongoni mwa watu aliowaongoza.

Uchaguzi wa mwaka 1961 ndio uliodhihirisha aina ya umoja aliokuwa ameujenga. Katika eneo la Nairobi East, ambako wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, Mboya alipambana na Dkt. Munyua Waiyaki. Waliodhani kwamba kura zingefuata ukoo walikosea. Mboya alipata zaidi ya asilimia 90 ya kura. Wafanyakazi wa reli, wa Halmashauri na wa viwandani walimpigia kura mtu waliyemwona akiwatetea kazini, bila kujali mahali yalikozikwa mababu zake. Katika historia ya siasa za Kenya, matokeo ya namna hiyo ni haba.

Baada ya uhuru Mboya alishika wizara kadhaa, ya mwisho ikiwa ya Mipango ya Uchumi na Maendeleo, huku akiwa Katibu Mkuu wa KANU. Ila kadiri alivyopanda, ndivyo ardhi ilivyopasuka chini ya miguu yake. Mkutano wa chama uliofanyika Limuru mwezi Machi 1966 ulimvua Jaramogi Oginga Odinga mamlaka yake chamani. Odinga akajitoa na kuongoza chama cha KPU. Wengi katika Nyanza walimfuata Odinga, nao walimwona Mboya kama aliyeshiriki kumwangusha. Waluo wa Nairobi walijikuta wamegawanyika: mtaa mmoja, ukoo mmoja, pengine nyumba moja, lakini vyama viwili.

Ni katika hali hiyo ya mgawanyiko ndipo lilipotokea jambo lisilotarajiwa. Kandanda ya Waluo jijini nayo ilikuwa imegawanyika kati ya Luo Union, mabingwa wa ligi ya taifa mwaka 1964, na Luo Stars. Wakati huo Waluhya walikuwa wamekwisha kuziunganisha timu zao ndogondogo mwaka 1964 na kuunda Abaluhya United, iliyokuwa tishio kubwa uwanjani. Mwezi Februari 1968 Luo Union na Luo Stars ziliungana na kuzaa klabu mpya. Miongoni mwa viongozi wanaotajwa katika simulizi za muungano huo ni Mboya. Umaarufu wake haukutokana na kucheza mpira, lakini ujuzi wa kuwaketisha waliotofautiana pamoja ulikuwa kazi yake tangu alipokuwa bwana afya.

Jina lililochaguliwa lina maana kubwa kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Gor alikuwa mganga mashuhuri wa Kanyamwa, Nyanza Kusini, ambaye masimulizi humpa uwezo wa kutenda miujiza, na neno mahia hurejelea maajabu hayo. Kwa kuchukua jina la shujaa wa ngano, waanzilishi waliepuka jina la upande wowote katika ugomvi wa siasa. Mfuasi wa Odinga na mfuasi wa Mboya waliweza kulitamka jina moja bila mmoja kujiona ameshindwa. Mwaka huo huo wa 1968 Gor Mahia ilitwaa ubingwa wa ligi. Waliokuwa wameshindwa kuketi katika mkutano mmoja wa kisiasa waliweza kuketi pamoja uwanjani.

Furaha hiyo haikudumu. Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa bado hajatimiza miaka thelathini na tisa. Misa yake katika kanisa la Holy Family iliandamana na ghasia kati ya waombolezaji na polisi. Mwili wake ulizikwa Rusinga. Aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo, Nahashon Isaac Njenga Njoroge, alinyongwa mwaka huo huo. Mwezi Oktoba watu waliuawa kwa risasi mjini Kisumu wakati wa ziara ya Rais Kenyatta, KPU ikapigwa marufuku, na Odinga akazuiliwa. Kifo kiliwarudisha kwa Mboya watu wengi waliokuwa wamempa kisogo. Kilivunja pia, kwa muda mrefu, ile imani ya Eastlands kwamba mfanyakazi humchagua mtetezi wake bila kuuliza kabila.

Kuanzia hapo uwanja ulibeba mzigo ambao haukukusudiwa. Jukwaa la siasa lilipofungwa, mechi ya Gor Mahia ikawa mojawapo ya mahali pachache ambapo umati ungeweza kukusanyika, kuimba na kuomboleza. Klabu ilimaliza ligi ya mwaka 1976 bila kupoteza mechi. Mwaka 1979 ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika na kushindwa na Canon ya Yaoundé. Mwaka 1980 serikali iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe. Luo Union ikafutwa, na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina la Gor Mahia halikulitaja kabila lolote waziwazi, na lingali linaimbwa. Mwaka 1987, baada ya sare ya 2-2 jijini Tunis na ya 1-1 jijini Nairobi, Gor Mahia iliishinda Espérance kwa kanuni ya mabao ya ugenini, ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kutwaa kombe la bara zima. Siku hiyo walioshangilia hawakuwa Waluo pekee. Wakenya wa jamii zote waliihesabu Gor kuwa timu yao.

Tukio hilo linatusaidia kumpima Mboya kwa haki. Hakuwa mtu aliyeikana asili yake ili apendwe na jiji, wala hakuwa mtu aliyejificha nyuma ya ukoo ili apate kura. Alitambua kwamba mkazi wa Kaloleni alihitaji chama cha kumzika kwao na chama cha kumtetea kazini, na kwamba kimoja hakikuweza kuchukua nafasi ya kingine. Kosa la siasa zilizomfuata lilikuwa kukiacha kile cha pili kidhoofike, hata watu wakabaki na kile cha kwanza peke yake.

Barabara iliyoitwa Victoria Street ina jina lake tangu zamani, na sanamu yake ilisimamishwa kando ya Moi Avenue mwaka 2011. Kumbukumbu nyingine zimo midomoni mwa wazee wa Ziwani, Kaloleni na Makongeni: nyimbo za mashabiki, majina ya utani ya wachezaji na masimulizi ya mikutano ya mwaka 1957. Sehemu kubwa ya hazina hiyo imo katika Kiswahili cha mitaani ambacho hakijaandikwa, nao wenye kuihifadhi wanazidi kupungua kila mwaka. Hapana budi wanafunzi wa fasihi simulizi waende huko na vinasa sauti vyao mapema.