Boris Karloff: Zimwi lililowatisha wakubwa, likapendwa na watoto

KILA mwaka, mwezi wa Oktoba unapoelekea ukingoni na Wamarekani wakijiandaa kwa sikukuu ya Halloween, vituo vya televisheni vya nchi hiyo huzifufua filamu kongwe za kutisha zilizotengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Wiki chache baadaye, Krismasi inapobisha hodi, watoto huketishwa mbele ya runinga kutazama filamu ya vibonzo kuhusu kiumbe mwenye kinyongo aliyejaribu kuiiba sikukuu hiyo.

Wengi wa watazamaji hao hawatambui kwamba sura inayowatisha Oktoba na sauti inayowaburudisha wana wao Desemba ni za mtu mmoja. Mtu huyo ni Boris Karloff, Mwingereza aliyeaga dunia mwaka wa 1969 baada ya kuishi maisha yaliyogubikwa na fumbo, kuanzia jina lake hadi nasaba yake.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa William Henry Pratt. Alizaliwa Novemba 23, 1887, katika eneo la Camberwell, kusini mashariki mwa London, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto tisa. Wazazi wake wote wawili walikuwa na damu ya Kihindi, matokeo ya vizazi kadhaa vya Waingereza waliotumikia dola lao huko India. Dada ya nyanya yake mzaa mama alikuwa Anna Leonowens, mwalimu aliyepata umaarufu kwa kuwafunza watoto wa mfalme wa Siam, na ambaye naye aliificha asili yake ya Kihindi hadi kufa kwake.

Katika Uingereza ya wakati huo, nasaba ya aina hiyo haikutangazwa sebuleni. Kijana Pratt alikua akiwa na ngozi ya maji ya kunde kuliko wenzake shuleni, akasema kwa kigugumizi na kitembe, na miguu yake ilikuwa na matege. Kigugumizi alifaulu kukidhibiti. Kitembe hakikumwondokea maishani.

Mamake alifariki angali mdogo, na malezi yake yakawa mikononi mwa kaka na dada zake huko Enfield. Familia ilikuwa imekwisha kumkatia njia: afuate nyayo za kaka zake katika utumishi wa ubalozi. Mmoja wao, John Pratt, hatimaye alitunukiwa cheo cha heshima kwa kazi yake ya kidiplomasia kuhusu Uchina. Kitinda mimba alipelekwa shule za hadhi na kisha Chuo cha King's jijini London. Hata hivyo, moyo wake ulikuwa jukwaani. Mnamo 1909 aliyaacha masomo na kupanda meli kuelekea Kanada.

Miaka 20 ya kibarua

Huko ugenini hapakuwa na jukwaa lililokuwa likimngoja. Alifanya kibarua cha shambani na kazi nyingine za sulubu ili apate mkate wake. Mwaka wa 1911 alijiunga na kikundi cha maigizo kilichozunguka miji midogo ya magharibi mwa Kanada, na ni katika kipindi hicho alipojibandika jina la Boris Karloff. Alikuwa akieleza kwamba Karloff ni jina la kale la upande wa mamake, ingawa binti yake hakupata kuuona ushahidi wa dai hilo. Lililo wazi ni kwamba jina jipya liliihifadhi familia ya Pratt dhidi ya aibu ya kuwa na mwigizaji, kazi iliyodharauliwa na watu wa tabaka lao.

Alipowasili Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1910, alipewa sehemu ndogo ndogo katika filamu bubu. Kwa sababu ya rangi yake, waelekezi walimfanya Mwarabu leo, Mhindi kesho na Mmeksiko kesho kutwa, mara nyingi akiwa jambazi asiyetajwa jina. Kazi ilipokosekana, aliendesha lori na kupakia mizigo ya vifaa vya ujenzi. Mizigo hiyo ilimwachia maumivu ya mgongo aliyoyabeba hadi uzeeni.

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu, lakini kufikia mwaka wa 1931 Karloff alikuwa na umri wa miaka 43, akiwa amecheza katika filamu kadhaa, na bado alikuwa mtu asiyejulikana.

Mwaka huo kampuni ya Universal ilikuwa imevuna faida kubwa kutokana na filamu ya Dracula, iliyomtia umaarufuni mwigizaji Bela Lugosi kutoka Hungaria. Kampuni hiyo ilipania kuendeleza mavuno hayo kwa riwaya ya Mary Shelley ya mwaka wa 1818, Frankenstein, inayosimulia habari za mwanasayansi anayeunda kiumbe kutokana na viungo vya maiti. Tangazo la mapema lilichorwa likiwa na jina la Lugosi, na lilionyesha jitu kubwa lililotoa miale ya mwanga machoni. Hata hivyo mradi ulibadilisha mikono, Lugosi akatoka, na mwelekezi Mwingereza James Whale akamteua Karloff.

Whale alivutiwa na umbo la uso wake. Mtaalamu wa vipodozi Jack Pierce, mhamiaji kutoka Ugiriki, aliufanyia kazi uso huo kwa muda wa saa nne hivi kila siku ya kupiga picha. Alitumia pamba na gundi kuunda kipaji kirefu cha uso na utosi bapa, akabandika vyuma viwili shingoni. Karloff mwenyewe aliondoa meno yake ya bandia ya upande mmoja ili shavu libonyee, na akapendekeza kope zake zitiwe nta ili macho yaonekane mazito kama ya mtu asiyeamka sawasawa. Alivalishwa viatu vya soli nene vilivyomlemea, kisha akatakiwa kumbeba mwigizaji mwenzake kupanda mlima, tena na tena, hadi mwelekezi aridhike.

Zimwi lile halikusema neno. Lilinguruma, likalia, likainua mikono kuelekea mwanga wa jua kana kwamba lingeweza kuushika. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Watazamaji waliokwenda kuogopa walijikuta wakilihurumia.

Kulikuwa na onyesho moja ambalo Karloff alilipinga. Katika onyesho hilo zimwi linacheza na msichana mdogo kando ya ziwa, wakirusha maua yanayoelea majini. Maua yanapokwisha, zimwi, kwa kutojua, linamrusha mtoto mwenyewe. Karloff aliona kitendo hicho kingemvunjia kiumbe huyo utu wake, lakini Whale alishikilia msimamo. Baadaye wakaguzi wa filamu walilikata onyesho hilo, na kwa miongo kadhaa watu waliona tu mikono ikinyooshwa kumwelekea mtoto, jambo lililowafanya wadhanie maovu makubwa zaidi. Kipande hicho kilirejeshwa katika miaka ya 1980.

Filamu ilipotoka Novemba 1931, orodha ya waigizaji mwanzoni iliweka alama ya kuuliza mahali pa jina la aliyeigiza zimwi. Jina lake lilitajwa mwishoni tu. Fumbo hilo la kibiashara lilifaulu kuliko ilivyotarajiwa, kwani watu walitoka katika kumbi za sinema wakiuliza mtu huyo ni nani.

Mabango yaliyotupwa

Mwaka uliofuata hapakuwa na wa kuuliza tena. Katika matangazo ya filamu ya The Mummy ya mwaka wa 1932, jina la Karloff peke yake, bila la kwanza, lilitosha kuwavuta watu. Alicheza nafasi ya kuhani wa Misri ya kale aliyefufuka baada ya maelfu ya miaka. Kati ya hapo na 1935 alitoa filamu ambazo hadi leo hazikosekani katika orodha za wapenzi wa sanaa hiyo, zikiwemo The Black Cat, alimokutana na Lugosi, na Bride of Frankenstein, ambamo zimwi linajifunza kusema na kumwomba mzee kipofu urafiki.

Umaarufu huo ulijengwa pia na karatasi. Kabla ya televisheni, bango lililobandikwa nje ya ukumbi ndilo lililomfanya mpita njia aingie au aende zake. Universal ilikuwa na msanii mahiri, Karoly Grosz, mzaliwa wa Hungaria, aliyeongoza uchoraji wa matangazo yake katika miaka ya 1930. Bango la The Mummy linalohusishwa naye lina maiti iliyofungwa sanda, mikono imekunjwa kifuani, na kando yake mwanamke aliyevaa gauni jekundu. Rangi zake zilichapishwa kwa ufundi wa mawe, rangi moja baada ya nyingine, na kwa hivyo ziling'aa kuliko filamu zenyewe, ambazo hazikuwa na rangi.

Hakuna aliyedhani kuwa mabango hayo ni ya kuhifadhiwa. Yalisafirishwa kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine na kubandikwa hadi yachanike. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, karatasi kuukuu zilikusanywa kote Marekani kwa matumizi ya vita, na mengi yakaangamia. Kwa sababu hiyo, nakala moja kati ya chache zilizosalia za bango la The Mummy iliuzwa katika mnada wa Sotheby's mwaka wa 1997 kwa dola 453,500, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kulipwa kwa bango la filamu. Mwaka wa 2017 bango la Dracula la mwaka wa 1931 lilipita hapo na kufikia dola 525,800.

Karloff hakuishi kuuona utajiri huo wa karatasi. Alichokipigania yeye ni ujira na saa za kazi. Wakati wa kutengeneza Frankenstein, siku moja alikaa kazini kwa saa 25 mfululizo. Mnamo Machi 1933, kampuni za filamu zilipokata mishahara kwa nusu kwa kisingizio cha mdororo wa uchumi, alikuwa miongoni mwa waigizaji waliokutana faraghani kuanzisha chama chao cha kutetea haki. Kadi yake ya uanachama ilikuwa nambari 9. Wakati huo mwigizaji aliyejulikana kuwa mwanachama angeweza kunyimwa kazi, na yeye alikuwa ametoka tu katika miaka 20 ya umaskini. Chama hicho kilitambuliwa rasmi na watayarishaji wa filamu mwaka wa 1937.

Sauti ya Krismasi

Aliliigiza zimwi la Frankenstein kwa mara ya tatu na ya mwisho katika filamu ndefu iliyotoka 1939, akihofia kwamba kiumbe huyo alikuwa akigeuzwa kuwa kichekesho. Binti yake wa pekee, Sara, alizaliwa wakati filamu hiyo ikitengenezwa, Novemba 23, 1938, siku ambayo baba yake alitimiza miaka 51.

Mwaka wa 1941 alipanda jukwaa la Broadway katika tamthilia ya Arsenic and Old Lace, akiwa muuaji anayekasirika kila aambiwapo kwamba anafanana na Boris Karloff. Baada ya vita alizidi kuwaelekea watoto. Aliwasomea hadithi redioni na katika santuri, na mwaka wa 1950 akawa nahodha wa maharamia katika Peter Pan. Alikuwa amepokea barua nyingi za watoto kuhusu zimwi lake, na hazikuwa za hofu. Walielewa, kabla ya wazazi wao, kwamba aliyedhulumiwa katika kisa kile ni zimwi. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Mnamo 1957 filamu 52 za zamani za Universal ziliuzwa kwa vituo vya televisheni vya Marekani, na kizazi kipya kikamjua Karloff usiku wa manane sebuleni. Hapo ndipo ulipopata nguvu utamaduni wa kuzitazama filamu hizo kila msimu wa Halloween.

Desemba 18, 1966, akiwa na umri wa miaka 79, alisimulia filamu ya vibonzo ya How the Grinch Stole Christmas iliyotokana na kitabu cha Dr. Seuss. Kitembe kilichomsumbua utotoni kilisikika bado, laini, katika masikio ya mamilioni ya watoto. Santuri ya masimulizi hayo ilimpatia tuzo ya Grammy.

Kufikia wakati huo mapafu yake yalikuwa yamedhoofika vibaya, viungo vyake vimekakamaa, na mara nyingi alitegemea kiti cha magurudumu. Alikataa kustaafu. Katika Targets ya mwaka wa 1968, aliigiza mzee mwigizaji wa filamu za kutisha anayegundua kwamba habari za magazetini zinatisha kuliko filamu zake. Alifariki Februari 2, 1969, huko Midhurst, Uingereza, nchi ambayo hakuwahi kuukana uraia wake. Alikuwa na umri wa miaka 81.

Mwaka ule ule wa 1997 ambapo bango lake liliweka rekodi, Shirika la Posta la Marekani lilitoa stempu tano za kuwaenzi waigizaji wa filamu za kale za kutisha. Miongoni mwao, ni Karloff pekee aliyetokea katika stempu mbili. Safari hiyo hapakuwekwa alama ya kuuliza.